Sura ya Saba: Maradhi Yaliyotangulia Mkataba

Mtu anayeishi kwa mikono yake, awe mwashi, muuguzi, dereva wa lori au mwalimu wa skuli, hana rasilimali kubwa kuliko siha yake. Na ajabu ni kwamba aghalabu atalikatia bima gari lake, na nyumba yake, na hata mzigo anaousafirisha, kabla hajafikiri kuikatia bima ile nguvu ya mwili iliyomnunulia vyote hivyo. Bima ya kulinda kipato ilizuka ili kuziba pengo hilo. Katika sura hii nitaifuata bima hiyo katika nchi moja, Australia, kwa sababu sheria yake juu ya jambo letu imeandikwa kwa uwazi kuliko za nchi nyingi, na kwa sababu ndugu wengi wasemao Kiswahili, waliotoka Kongo na Burundi na Tanzania na Kenya wakahamia Perth, Brisbane, Adelaide na Melbourne, wana bima ya namna hii, wengine kwa kuikata wenyewe, wengine kwa kuwa imo ndani ya mfuko wao wa akiba ya uzeeni, ambako ada hukatwa kimyakimya na mwenyewe asijue kwamba analipa.

Mpango wenyewe si mgumu. Mtu hulipa ada. Akiugua au akiumia asiweze kazi, hungoja muda uliotajwa katika hati yake, siku 30 au 90 aghalabu, kisha kampuni humlipa kila mwezi sehemu ya pato lake hadi apone, au hadi muda wa malipo uishe, ambao waweza kuwa miaka 2, au 5, au hadi atimize umri wa miaka 65. Zamani kampuni zilishindana kwa ukarimu wa masharti, kila moja ikiahidi zaidi ya jirani yake, hata msimamizi wa sekta hiyo serikalini, APRA, akaona kwamba kwa pamoja zimekula hasara ya zaidi ya dola bilioni 3 katika miaka 5. Na tangu Oktoba 2021 hati mpya hazina ruhusa ya kumlipa mtu zaidi ya asilimia 90 ya pato lake katika miezi 6 ya mwanzo, na asilimia 70 baada ya hapo. Nalitaja jambo hili mapema kwa ajili ya insafu: kampuni inayolichungua dai kwa jicho kali yaweza kufanya hivyo bila ya hiyana yoyote, kwa kuwa inavuja. Lakini hasara iliyotokana na ahadi za kampuni yenyewe si deni la mgonjwa, wala hapaswi kuilipa kwa dai lake.

Barua ya kukataa dai huja kwa adabu. Huanza kwa kumpa mdai pole ya maradhi yake, hutaja namba ya hati na tarehe, kisha katikati, mahali ambapo jicho lililochoka laweza kupapita, husema kwamba kampuni imepitia taarifa za matibabu na kuona kwamba hali hii ilikuwapo kabla ya kuanza kwa bima, na kwa hiyo inasikitika. Mgonjwa aliyekwisha kupungukiwa na nguvu na mshahara huisoma mara moja, huona kwamba daktari wake kweli aliwahi kuandika jambo fulani miaka ile, na hujihukumu mwenyewe kabla ya kuhukumiwa. Wengi huishia hapo, na kuishia hapo ndilo kosa, kwa sababu barua ile ni dai la upande mmoja, na dai lina haja ya ithibati kama dai lolote lile.

Jambo la kwanza la kufanya ni kuuliza barua inasema nini hasa, maana chini ya maneno yale yale ya maradhi yaliyotangulia hukaa mashitaka mawili yasiyofanana hata kidogo. Shitaka la kwanza ni kwamba ulificha: uliulizwa katika fomu juu ya afya yako nawe hukusema kweli au hukusema yote. Shitaka la pili halikutuhumu lolote; lasema tu kwamba mkataba wenyewe una kifungu kinachotoa nje ya dhima ya kampuni kila ugonjwa uliokuwamo mwilini kabla ya siku ya mkataba, uliujua au hukuujua. La kwanza lahusu ulimi wako, la pili lahusu mwili wako. Jawabu la moja halifai kwa jingine, na mdai anayejibu yote mawili kwa pumzi moja, akiapa kwamba hakudanganya ilhali hakuna aliyesema kwamba alidanganya, huipa kampuni nafasi ya kunyamaza juu ya lile ambalo ingepaswa kulithibitisha. Baadhi ya barua huyachanganya yenyewe, ama kwa uzembe wa mwandishi ama kwa makusudi. Na hapo inafaa kuandika mistari miwili tu ya kuuliza: mnategemea kifungu gani cha mkataba, na kifungu gani cha sheria?

Fikira ya kwamba mwombaji wa bima lazima aseme yote ayajuayo ina umri mkubwa. Huanzishwa na wanasheria wa Kiingereza katika shauri la Carter na Boehm la mwaka 1766, ambalo halikuhusu ugonjwa bali ngome: gavana wa ngome ya Marlborough, huko Bencoolen katika kisiwa cha Sumatra, alikata bima London dhidi ya kutekwa kwa ngome hiyo na adui wa Ulaya, Wafaransa wakaja wakaiteka mwaka 1760, na mtoa bima akakataa kulipa akisema kwamba gavana alificha udhaifu wa ngome na hatari aliyoiona ikija. Jaji Mansfield akaeleza kwa ufasaha kwamba bima ni mkataba wa nia njema, kwa kuwa mambo yanayopima hatari hukaa zaidi katika kichwa cha upande mmoja. Na maneno hayo yamenukuliwa na mawakili wa kampuni za bima kwa zaidi ya karne mbili na nusu. Kisichonukuliwa sana ni kwamba mtoa bima ndiye aliyeshindwa. Aliyeshinda alikuwa gavana, kwa sababu, kama Mansfield alivyoona, mtoa bima hana haki ya kulalamikia kutoambiwa yale aliyoyajua mwenyewe au aliyopaswa kuyajua, na mtu wa London alikuwa na uwezo sawa wa kukisia nia ya Wafaransa. Nia njema ilizaliwa ikiwa na pande mbili. Ni desturi ya baadaye iliyoifanya kongwa la shingo moja.

Australia iliirudisha katika pande zake mbili kwa Sheria ya Mikataba ya Bima ya mwaka 1984, iliyotokana na ripoti ya Tume ya Kurekebisha Sheria ya mwaka 1982. Kifungu cha 13 cha sheria hiyo chawalazimisha wote wawili, kampuni na mteja, kutendeana kwa nia njema kamili katika kila jambo litokanalo na mkataba, na kushughulikia dai ni jambo mojawapo. Lakini kwa msomaji wa sura hii kifungu chenye uzito ni cha 47, ambacho wengi waliokataliwa hawajapata kukisikia na barua nyingi za kukataa hazikitaji. Hicho chasema kwamba ikiwa, wakati wa kuingia mkataba, mwenye kukatiwa bima hakuujua ugonjwa au ulemavu wake, wala mtu mwenye akili ya kawaida katika hali yake asingetarajiwa kuujua, basi kampuni haiwezi kutegemea sharti linaloondoa au kupunguza dhima yake kwa sababu ya ugonjwa uliotangulia mkataba. Na yafaa kurudia kwa sauti: sharti limo katika hati, limechapishwa, umelitia sahihi, na bado haliwezi kutumika. Sheria haijali ugonjwa ulianza lini katika damu au mfupa. Yajali ulianza lini katika ujuzi wa mgonjwa.

Wanafunzi wa fiqhi katika pwani yetu, ambako madhehebu ya Imamu Shafii ndiyo yaliyotamalaki, hawataiona fikira hii kuwa ngeni. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichotegemewa na makadhi wa Unguja na Mombasa, imo mas-ala ya muuzaji anayeshurutisha kwamba hatawajibika kwa aibu ya kitu anachokiuza. Asili ya mauzo ni kwamba kitu chenye aibu ya tangu kabla ya kukabidhiwa hurejeshwa, muuzaji awe aliijua au hakuijua. Lakini sharti lile la kujivua dhima humfaa kwa aibu moja tu, nayo ni ya ndani, katika mnyama, ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Kwa nini mnyama, na si nguo wala nyumba? Kwa sababu kiumbe hai hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, hali yake hugeuka kila siku, na ni nadra asiwe na ila iliyofichika. Waliotunga sheria ya Canberra hawakuwa na Minhaj mezani, na mas-ala zenyewe zimetazamana kama mtu na kioo, moja ikihusu kiuzwacho na nyingine mwili wa mtu anayejidhamini. Lakini zote mbili zimekiri kwamba mwili hai hauwezi kudhaminiwa na mwenyewe kama gogo la mvule, na kwamba insafu haimtaki mtu ajibu kwa ajili ya giza lililo ndani yake.

Sasa hebu tulitie jambo hili katika maradhi yenyewe, maana hapo ndipo ugomvi hukaa. Chukua ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo uitwao skilerosisi anuwai. Huweza kuanza kwa ganzi ya mkono inayokuja na kuondoka, au kwa jicho moja kufifia wiki chache, na mgonjwa akaambiwa na daktari, au akajiambia mwenyewe, kwamba amelalia mkono vibaya au amesoma sana usiku. Miaka ikapita kabla ya picha ya MRI kuufichua. Kampuni itasema kwamba ganzi ile ilikuwa ndio ugonjwa, na kwa elimu ya tiba yaweza kuwa kweli. Lakini suali la kifungu cha 47 si kama daktari bingwa, akitazama nyuma leo akiwa na picha mkononi, aweza kuunganisha ganzi na ugonjwa; suali ni kama mwenye mkono ule, siku ile ya mkataba, aliujua au alipaswa kuujua. Kuona dalili ni jambo moja, kuujua ugonjwa ni jambo jingine, na barua nyingi za kukataa huvuka kutoka la kwanza hadi la pili kwa sentensi moja isiyo na daraja.

Mgongo ni mfano mwingine, na wenye kazi za mikono ndio wanaoumia zaidi hapo. Mwashi huanguka kutoka jukwaani, apigwa picha, na picha yaonyesha diski zilizochakaa. Kampuni hushika neno hilo la kuchakaa na kusema kwamba diski hazichakai kwa siku moja, na kwa hiyo tatizo lilikuwapo tangu hapo. Kweli, lilikuwapo. Lakini mwaka 2015 watafiti waliojumlisha tafiti za picha za migongo ya watu wasiolalamika maumivu yoyote walikuta kwamba diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kama kuchakaa kwa diski ni maradhi yaliyotangulia, basi kila mtu mzima anayo, na bima ya mgongo haijapata kuuzwa duniani. Daktari bingwa akiulizwa vizuri atasema tofauti iliyopo kati ya mgongo uliochakaa kimya na mgongo ulioshindwa kwa sababu ya anguko. Asipoulizwa atajaza fomu aliyopewa na kampuni, yenye visanduku vya ndiyo na hapana, na tofauti hiyo itapotea.

Narudi katika shitaka la kwanza, la kuficha, ambalo ni chungu zaidi kwa kuwa lagusa heshima ya mtu. Hadi Oktoba 2021 sheria ilimtaka mwombaji wa bima aeleze kila jambo alilolijua kuwa na uzito kwa kampuni, hata asipoulizwa, jambo ambalo, ukilitafakari, lilimtaka fundi wa magari afikiri kama mtaalamu wa hesabu za vifo. Baada ya Tume ya Kifalme ya kuchunguza sekta ya fedha, iliyoongozwa na Kenneth Hayne, ambayo ripoti yake ya mwisho ilitoka Februari 2019, wajibu huo ulibadilishwa kwa bima za watu binafsi: sasa mwombaji atakiwa kuchukua tahadhari ya kawaida asitoe maelezo ya uongo, basi. Katika kupima tahadhari hiyo hutazamwa maswali yalikuwa wazi na mahususi kiasi gani, kampuni ilieleza vipi umuhimu wa kuyajibu na matokeo ya kutoyajibu sawasawa, na kama palikuwa na wakala aliyemsaidia mwombaji. Na hali ya pekee ya mwombaji, ikiwa kampuni iliijua au ilipaswa kuijua, lazima izingatiwe. Suali lililoachwa wazi bila ya jibu, au lililojibiwa nusu kwa namna inayoonekana wazi, halihesabiwi peke yake kuwa ni uongo. Kampuni iliyoona pengo ikakubali ada yake haiwezi kujifanya imepofuka baadaye.

Kwa ndugu zetu wahamiaji mambo haya yana uzito wa pekee. Fomu ya bima ni ya Kiingereza, na Kiingereza cha aina yake. Mtu anayeulizwa kama amewahi kupata ushauri kwa ajili ya hali ya akili, naye katika kambi ya wakimbizi aliwahi kuzungumza na mfanyakazi wa shirika juu ya usingizi wake mbaya, je, ajibu ndiyo? Wakala akiwa mbele yake na kalamu mkononi, akisema hilo si kitu, endelea, na jibu likaandikwa na mkono wa wakala, ni nani aliyejibu? Hayo si masuali ya ufasaha tu; ni hoja za kisheria, na inafaa yaandikwe katika barua ya kupinga kwa tarehe na jina la aliyejaza fomu, maadamu kumbukumbu ingali mbichi.

Hata ikithibitika kwamba jibu halikuwa sahihi, safari haijaisha. Sheria hutenga udanganyifu wa makusudi na kosa lisilo la hadaa. Kwa udanganyifu, kampuni yaweza kuuvunja mkataba wakati wowote, ijapokuwa mahakama ina uwezo wa kuupuuza uvunjaji huo pale ambapo madhara kwa kampuni ni haba. Kwa kosa lisilo la hadaa, kampuni ina miaka 3 tu tangu mkataba kuanza ya kuuvunja, na marekebisho yaliyofuata Tume ya Hayne yameongeza kwamba ni lazima ionyeshe isingemkubalia mtu huyo bima kwa masharti yoyote yale. Miaka 3 ikiisha, mlango wa kuung'oa mkataba hufungwa. Linalobaki ni kuyabadilisha masharti yake, kuiweka kampuni pale ambapo ingekuwa lau ingeambiwa kweli. Kwa hiyo mdai ana haki ya kuuliza suali ambalo kampuni huchukia kulijibu: mngelijua, mngefanya nini? Kampuni zina miongozo ya ndani ya kupima hatari, iliyoandikwa, inayoeleza kwamba mtu mwenye historia fulani aongezewe ada kwa kiasi fulani, au kiungo chake fulani kitolewe nje ya bima, au akubaliwe vivyo hivyo. Omba mwongozo uliokuwa ukitumika siku ile. Kampuni inayosema ingekataa, ilhali mwongozo wake ulisema ingeongeza ada kidogo, imejihukumu yenyewe.

Shauri linalofaa kusimuliwa kwa urefu ni lile lililoamuliwa na Mahakama ya Shirikisho mwaka 2021, kati ya msimamizi wa masoko ya fedha, ASIC, na kampuni ya TAL. Mwanamke mmoja alikata bima ya kulinda kipato mwaka 2013, na haukupita muda mrefu akagunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alipodai, kampuni ilizipekua taarifa zake za zamani za matibabu, ikakuta kwamba aliwahi kuwa na sononeko ambalo hakulitaja katika maombi yake, ikauvunja mkataba mzima. Msomaji atauliza, na ni haki yake, sononeko na saratani vina udugu gani? Hakuna, lakini katika shitaka la kuficha udugu hautakiwi, kwa kuwa kinachosemwa ni kwamba mkataba wenyewe ulizaliwa na ila, na ukifa hufa na kila dai lililomo. Hii ndiyo sababu shitaka hilo hupendwa: laweza kuchimbuliwa popote katika maisha ya mtu, mbali na ugonjwa anaoudai.

Aliyekuwa Hakimu Mkuu wa mahakama hiyo wakati huo, James Allsop, aliona kwamba TAL ilikiuka wajibu wake wa nia njema, kwa kuwa haikumwarifu mwanamke huyo kwamba inachunguza kama alificha jambo, wala haikumpa nafasi ya kujieleza kabla ya kuuvunja mkataba wake na kumwandikia kana kwamba yeye ndiye aliyekosa nia njema. Si kila hoja ya ASIC iliyokubaliwa, na adhabu ya fedha haikutolewa, maana sheria ya adhabu hiyo ilikuja baada ya matendo yale. Hata hivyo hukumu hiyo ni silaha nzuri katika mkono wa mtu wa kawaida. Ikiwa barua ya kukataa ndiyo habari ya kwanza uliyoipata kwamba unatuhumiwa, andika hivyo, waziwazi, katika mstari wa kwanza wa malalamiko yako: sikuulizwa.

Tuje katika makaratasi, ambako mashauri mengi hushindwa au kushinda bila ya hakimu kuonekana. Omba faili lote la dai kutoka kampuni, na taarifa zote za matibabu kutoka kwa daktari wako wa kila siku. Sheria ya faragha ya mwaka 1988 yakupa haki ya kuona habari zako mwenyewe. Kisha zisome kwa subira, ukikumbuka kwamba daktari aliandika ili ajikumbushe, wala hakujua kwamba mstari wake utakuja kusomwa kama kifungu cha mkataba. Neno moja la huzuni kidogo, lililoandikwa siku uliyokwenda kuchukua dawa ya kikohozi na ukataja kwa kupita kwamba umefiwa na mama, laweza kugeuka katika barua ya kampuni kuwa historia ya maradhi ya akili. Ukikuta mstari wa namna hiyo, rudi kwa daktari yuleyule umwombe aandike alikusudia nini, kama alitoa utambuzi wa ugonjwa, kama alitoa dawa, kama alikuambia lolote. Barua hiyo fupi ya mwandishi wa mstari ina nguvu kuliko kurasa kumi za kulalamika.

Kwa daktari bingwa andika masuali, usiombe tu barua ya kukutetea, kwa kuwa barua za utetezi hufanana na hupuuzwa. Muulize: ugonjwa huu ulitambuliwa lini kwa mara ya kwanza? Dalili za zamani zilizotajwa zingeweza kuwa na sababu nyingine za kawaida? Mtu asiye tabibu angetarajiwa kuzitambua? Kinachomzuia kufanya kazi leo ni hali ile ya zamani au ni jambo jipya? Mpe nakala ya barua ya kukataa ajibu hoja zake moja baada ya moja. Na wakati huo wote endelea kupata vyeti vya daktari vya kila mwezi vya kutoweza kazi, na ikiwa mkataba haujavunjwa endelea kulipa ada ikiwezekana, kwa sababu pengo katika lolote la hayo mawili huwa sababu mpya ya kukataa pale sababu ya zamani itakapoanguka.

Malalamiko ya kwanza huenda kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, na kampuni ina siku 30 za kujibu. Mfuko wa uzeeni, ikiwa bima imo humo, una siku 45. Jibu likiwa baya, au lisipokuja, mlango wa pili ni AFCA, mamlaka ya malalamiko ya fedha iliyoanza kazi Novemba 2018 kwa kuunganisha vyombo vitatu vya kabla yake. Haitozi mlalamikaji chochote, humpa mkalimani akimhitaji, na kwa kawaida yamtaka afike ndani ya miaka 2 tangu jibu la mwisho la kampuni. Kwanza hujaribu kuwapatanisha; wasipopatana hutoa maoni ya awali, na mwishowe uamuzi, unaotazama lililo haki katika hali zote za shauri. Uamuzi huo huifunga kampuni ikiwa mlalamikaji ataukubali, naye asipoukubali bado ana mahakama. Wakili anayefanya kazi kwa sharti la kulipwa akishinda aweza kufaa mahali penye fedha nyingi au ushahidi mgumu, lakini kabla ya kumtilia sahihi muulize atachukua kiasi gani cha malipo ya kila mwezi ambayo wewe mwenyewe, kwa barua nne nzuri, huenda ungeyapata yote.

Wapo ambao hawapaswi kupinga, na mwandishi asiyesema hivyo atakuwa amemwuza msomaji wake. Mtu aliyeambiwa na daktari siku ya Jumatatu kwamba moyo wake una tatizo, akakata bima siku ya Alhamisi na kujibu hapana katika suali la moyo, hana kifungu cha kumlinda, na kila wakati atakaoutumia katika ugomvi huo atautumia mbali na matibabu na kutafuta msaada mwingine wa serikali. Na yuko wa katikati, aliyekuwa na shaka asiifuate, aliyeona damu akaahirisha kwenda hospitali hadi bima ianze. Huyo ni mgumu kumhukumu, na maamuzi juu ya watu kama yeye yametofautiana, kwa kuwa mizani ya mtu mwenye akili ya kawaida hushikwa na binadamu.

Anayeshinda hulipwa malimbikizo tangu siku ya kumalizika kwa muda wa kungoja, na kifungu cha 57 cha sheria ileile chaitaka kampuni ilipe riba juu ya fedha hizo tangu siku ambayo kuzizuia hakukuwa tena na sababu ya maana. Riba hiyo aghalabu haitajwi hadi iombwe, kwa hiyo iombe katika barua ya mwanzo kabisa. Malipo ya mbele nayo hayaji yenyewe: kampuni iliyoshindwa ingali na haki ya kutaka cheti cha daktari kila mwezi, na ya kumpeleka mdai kwa tabibu wake yenyewe, na mdai aliyechoka kwa ushindi akasahau kutuma cheti cha mwezi wa tatu atapokea barua nyingine, yenye adabu ileile.